Minazi ya Kwenda Wundanyi

Kwaru. Kimya. Kisha kwaru tena, kata ikikwangua chini ya ndoo. Sikuhitaji kufumbua macho kujua kwamba mume wangu yuko nyuma ya nyumba, gizani, anainywesha minazi yake maji ya mwisho kabla ya safari.

"Lewa, saa ngapi?" nikauliza ukutani.

"Kumi alfajiri. Lala kidogo, Mama Vula."

"Nilale juu ya nini? Kitanda si umekifungua jana!"

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu wale watu waje na kopo la rangi.

Walikuja Jumanne, wanaume watatu na msichana mwenye daftari, wakapita nyumba kwa nyumba katika mtaa wetu wa Kisauni, kule nyuma ya machimbo ya zamani ya Bamburi, na kila mlango wakaupiga alama nyekundu. Walisema ardhi imeuzwa, mwisho wa mwezi tuwe tumetoka. Lewa aliwaonyesha minazi miwili aliyoipanda mwaka alionioa. Msichana akaiandika kwenye daftari, akafunika kalamu yake, wakaenda mlango wa pili. Lewa alibaki amesimama kati ya ile minazi miwili mpaka magharibi.

Kwao Kaloleni, ukitaka kujua shamba ni la nani huulizi karatasi, unauliza nani kapanda minazi. Hata shamba likiuzwa, mnazi una jina la aliyeupanda, na watoto wake wataukwea. Lewa alilelewa hivyo. Ndiyo maana kila alipokwenda kwao kusalimia alirudi na nazi kavu mbili tatu, akazipanga kivulini nyuma ya nyumba na kuzifunika makuti, akazinywesha mpaka zikachipua. Vula wetu alipotimiza miaka minne, miche ilikuwa arobaini. Hatukuwa na pa kuipanda hata mmoja. Nilidhani ni tabia yake tu, kama wengine wanavyofuga njiwa.

Alhamisi ndipo shangazi yake Kaviha alipopiga simu kutoka Wundanyi. Shangazi aliolewa huko milimani Taita mimi sijazaliwa, akafiwa na mumewe mwaka juzi, na hakujaliwa mtoto. Sauti yake kwenye simu ilikuwa kama ya mtu anayepanda ngazi.

"Lewa, ukoo wa marehemu unakaa Jumamosi kugawa mashamba. Kipande changu cha juu nimesema ni chako. Lakini watu hawa hawampi mtu shamba kwa maneno. Anayepewa lazima awepo mwenyewe, apande kitu mbele yao, wakishuhudia. Ndiyo desturi yao. Wakikuona na mkeo na mtoto na vyombo vyenu, wamejua umekuja kukaa, hawatanikatalia. Usipokuwepo, wanagawana. Wanaanza asubuhi, na saa nane wanainuka."

"Nije na cha kupanda?"

"Njoo na mche wowote, baba."

Shangazi alifikiria mgomba, au parachichi. Lewa alikata simu, akageuka kutazama nyuma ya nyumba, na uso wake ukafunguka. Miaka minne hatukujua ile miche ni ya wapi, na sasa tumejua.

Mimi nilijua jambo jingine. Nilipokuwa nasoma darasa la jioni pale Mkomani, mwalimu wa jiografia alituchorea ubaoni nchi yetu kuanzia ufukweni mpaka milimani, akatuonyesha mnazi unaishia wapi na kwa nini: baridi. Nilikumbuka mpaka rangi ya chaki. Nilikuwa na ule usiku wa Alhamisi mzima, na Ijumaa nzima, kumwambia mume wangu. Nikawa namtazama anavyofuta vumbi kwenye majani kwa kitambaa kilicholoweshwa, nikasema moyoni, kwani mwalimu naye amekwenda kuujaribu? Na labda ukoo huo hawajali ni mche gani, wanataka kuona mtu ameshika jembe. Nikanyamaza.

Habib alifika saa kumi na moja na pikapu yake na trela. Ni mtu wa Timbwani, Likoni; yeye na Lewa walivunja mawe pamoja machimboni walipokuwa vijana, na siku hizi Habib huuza maji ya kisima kwa mapipa, nyumba hadi nyumba. Alikuwa amevuka feri tangu saa tisa.

"Salaam aleikum, wenye kuhama! Shemeji, shikilia mtoto, mimi nashikilia mume wako."

"Habib, gari yako itapanda mlima kweli?"

"Shemeji, hii yapanda mwinuko wa Kibarani kila siku na mapipa manane. Mlima ni Kibarani iliyorefuka tu, wallahi."

Tulipakia trela: kitanda, godoro, meza, masufuria, sanduku la nguo, na minazi arobaini imesimama wima kama watoto wa shule, kila mmoja bado ana nazi yake miguuni. Lewa alipanda nyuma kwenye pikapu ili aitazame. Mimi na Vula tukakaa mbele na Habib. Sikugeuka kuutazama mlango.

"Mama, mlimani kuna bahari?" Vula akauliza tulipopita Changamwe.

"Hakuna."

"Sasa watu wanaogea wapi?"

"Waoga mvuke," Habib akasema. "Kule mawingu yaingia mpaka chumbani. Wafungua dirisha, wasema karibu."

Vula alicheka mpaka Mazeras. Jua lilikuwa limetoka nyuma yetu, vilima vya Rabai vikawa kijani na bluu, na mimi nikaanza kupanga mambo. Kitanda kikae mbali na dirisha, kwa sababu ya hayo mawingu. Vula ataanza chekechea Januari. Nilijiona nikipika mchicha niliouchuma mwenyewe.

Tulikuwa tumepita Mariakani, kama saa mbili, tuliposikia mlio, na trela ikaanza kuvuta kushoto kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Gurudumu lilikuwa limepasuka mpaka nyuzi zinaning'inia.

"Toa spea," Lewa akasema.

Habib akajikuna kichwa. "Ya gari ninayo."

"Na ya trela?"

"Yakhe, Likoni ukipata pancha, mwenye kuziba pancha amekuona hata hujasimama. Spea ya trela ya nini?"

Walijaribu kuvalisha ile ya gari. Gurudumu la gari lilikuwa na matundu matano, la trela manne. Waliligeuza upande huu na upande ule kana kwamba tundu la tano lingeona haya liondoke. Mwisho Lewa akalibeba lile bovu, akasimamisha bodaboda, akarudi Mariakani akiwa amelipakata gurudumu kama mtoto.

Tulikaa chini ya mgunga mdogo uliokuwa na kivuli cha mtu mmoja, nikampa Vula. Malori yalipita mfululizo, kila moja likitutikisa. Juu ya daraja lake refu treni ilikwenda Nairobi bila kelele, nyeupe, madirisha yote yamefungwa. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Nikampigia shangazi.

"Wamefika?" nikauliza.

"Wamefika sita. Msiwe na wasiwasi, nawapikia. Kuku nimemkata vipande vidogo vidogo ili wakawie kula. Mko wapi?"

"Njiani, shangazi."

"Njiani ndiyo wapi?"

Nilitazama huku na huku. "Karibu na Samburu," nikadanganya.

Nilisikia akifunika sufuria. "Basi nitaongeza na ugali," akasema.

Lewa alirudi saa tano kasorobo, jasho na vumbi jekundu vimemchora usoni, na gurudumu lililochakaa lakini lina upepo. Akalifunga mwenyewe, akapanda nyuma. Habib naye hakutania tena mpaka Maungu.

Baada ya Maungu tuliona ndovu, karibu na reli, wekundu kama udongo. Vula akasimama kitini. "Mama! Ng'ombe wana mikia mbele na nyuma!" Hata Lewa, kule nyuma, alicheka, nilimwona kwenye kioo. Kisha ikatokea milima yenyewe. Sikuwa nimeitegemea. Nchi tambarare yote ile, kavu, halafu ghafla ukuta wa bluu umesimama na wingu jeupe limekaa kileleni peke yake, mahali pengine popote hakuna wingu. Nilimgeuzia Vula kichwa aone. Nilisema, kimyakimya, hapo ndipo kwetu.

Voi saa sita na nusu. Mwatate saa saba na robo, tukipita mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari mpaka macho yanachoka, na hapo rejeta ikaanza kutoa mvuke. Habib akasimama kando ya barabara, penye miti, chini kabisa ya mlima.

"Dakika kumi ipoe."

"Hatuna kumi," Lewa akasema.

"Basi tano. Ikifa injini hutafika hata kesho."

Lewa akachukua dumu kwenda kutafuta maji kwenye nyumba za jirani. Mimi nikampeleka Vula kichakani kukojoa. Habib alikuwa ameinama, kichwa ndani ya boneti. Ndipo nikasikia kitu kinaanguka, kama mtu anarusha viatu.

Nyani. Sijui walitoka wapi, walikuwa kama ishirini. Walikuwa juu ya trela, juu ya godoro letu, wanang'oa miche na kuyatupa majani pembeni, wanazipiga zile nazi kwenye chuma cha trela, pa! pa! Dume moja kubwa lilikuwa limekaa juu ya meza yangu linakula joya la ndani ya nazi, ile nyama tamu inayofanya mnazi uchipue, polepole, kama mgeni aliyeandaliwa.

"Habib!"

Habib alitoka na spana, akapiga kelele, dume likamwonyesha meno, Habib akarudi ndani ya gari akafunga mlango. Ni Lewa aliyewafukuza. Alikuja mbio, akalirusha dumu la maji pamoja na maji yake, akaokota mawe, akapiga na kupiga hata walipokuwa wameshaondoka. Nilimshika mkono.

"Basi, Lewa. Wamekwenda."

"Mingapi imebaki?"

Tulihesabu. Kumi na tisa.

"Inatosha," akasema. "Hata mmoja unatosha. Shangazi alisema mche, hakusema miche." Lakini aliikusanya pia ile iliyoharibiwa, majani bila nazi, akailaza vizuri kando ya barabara kama watu.

Ilikuwa nafasi yangu nyingine ya kusema. Nilimwambia, "Kunywa maji."

Nilimpigia shangazi. "Wamekula, wamekunywa chai," alisema kwa sauti ya chini. "Mzee Mramba anatazama saa." Mzee Mramba ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Nikasema tuko mlimani tayari. Hatukuwa mlimani.

Barabara ya kupanda Wundanyi ni nzuri, ina lami, lakini inajikunja kama kamba iliyotupwa. Kila kona unaiona nchi uliyotoka iko chini zaidi, nyekundu, pana, vivuli vya mawingu vinatembea juu yake, na upande wa pili mwamba unatiririka maji. Maji tu, ya bure, yanatoka kwenye jiwe na kuvuka barabara. Sisi Kisauni tunanunua kwa dumu. Kulikuwa na migomba, na kabichi kwenye ngazi za udongo, na upepo ukawa baridi mpaka nikamfunga Vula leso mbili. Ningekuwa na muda ningeomba tusimame nitazame tu.

Lakini Habib hakujua mlima. Maisha yake yote ameendesha mahali pasipo mlima. Gari ikianza kulia kwa gia ndogo, yeye alidhani inaumia, akawa anaiwekea gia kubwa ili inyamaze. Basi inanyamaza kweli, inachoka, inasimama. Kila iliposimama Lewa aliruka chini na jiwe mikononi, akaliweka nyuma ya gurudumu la trela ili lisirudi. Halafu tukiondoka analiokota, anakimbia nalo nyuma yetu, anapanda. Nilihesabu mara saba. Klachi ilianza kunuka kama nywele zilizoungua.

Mwanamke mmoja aliyekuwa na mzigo wa kuni alimpigia Habib kelele, "Weka namba moja, wewe! Namba moja!"

"Itakufa, mama!"

"Hiyo yako ndiyo inakufa!"

Kwenye kona ya nane, au ya tisa, nilisikia mlio mdogo wa chuma. Pini inayoshika trela kwenye gari ilikuwa imepotea siku nyingi. Habib alikuwa ameweka boliti na waya, na kwa barabara za Likoni boliti na waya vilitosha. Hapa havikutosha. Gari ikawa nyepesi ghafla, ikaruka mbele. Niligeuka nikaona trela inarudi nyuma peke yake, polepole, na Lewa yuko nyuma yake na jiwe.

Nilimfunika Vula macho. 

Alilitupa jiwe, akaruka pembeni. Trela ililipanda jiwe, ikageuka, ikaingia mtaroni, ikalala ubavu. Kitanda kilivunjika. Sufuria moja iliendelea kubingirika barabarani kona mbili nzima, tunaisikia, hatuioni.

Lewa alikuwa amekaa kwenye nyasi. Magoti yalimchubuka, mkono unatoka damu. Nilimshika uso, nikamshika kifua, nikamshika kila mahali.

"Mzima," akasema. "Mzima, Eddah. Saa ngapi?"

"Saa nane na dakika ishirini."

Watu walitoka mashambani. Hawakutuuliza sisi ni nani. Walishuka mtaroni wakaanza kututolea vyombo, wanawake kwa wanaume, wakitusalimia kwa Kitaita na sisi tukijibu kwa Kiswahili. Trela haikutoka. Walituwekea godoro na sanduku kwenye pikapu. Yule mwanamke wa kuni alikuwa ametufikia, naye akaokota mche mmoja, akaugeuza.

"Huu ni nini?"

"Mnazi," nikasema.

"Mnaupeleka wapi?"

"Kwa Kaviha. Kupanda."

Alinitazama, akamtazama Lewa aliyekuwa anafunga kitambaa mkononi kwa meno, akanitazama tena. Nilimwomba kwa macho. Aliufuta ule mche matope kwa kanga yake, akanipa, akainama kutafuta mingine. Tulipata tisa.

Simu ya shangazi iliita, haikupokelewa. Nikapiga tena, haikupokelewa. Kisha yangu ikaisha chaji.

Habib, maskini, alilia. Mtu mzima, ameshika usukani. "Lewa, nimekuharibia. Nimekuharibia, ndugu yangu, Mungu anisamehe."

"Weka namba moja," Lewa akamwambia. "Twende."

Kwa namba moja, bila trela, gari ilipanda inalia njia nzima, na haikusimama tena. Tulipita mji wa Wundanyi, tukaacha lami, tukaingia njia ya udongo katikati ya mikaratusi. Ukungu ukatushukia. Vula akapuliza, akaona moshi unamtoka mdomoni, akaniangalia kwa hofu kama ameungua ndani. Saa kumi kasorobo tukaiona nyumba ya shangazi, ya matofali, mabati yamelowa, na yeye amekaa kizingitini, mikono juu ya magoti.

Uani kulikuwa na viti vya plastiki vimepangwa mviringo, vitupu. Sahani zilikuwa zimerundikwa kwenye beseni.

"Shikamoo, shangazi," Lewa akasema.

"Marahaba, baba." Hakuinuka. "Niliwapikia mara mbili. Mara ya pili waliona haya kula."

"Wamekwenda?"

"Wako huko juu. Wanamalizia mipaka."

Lewa akachukua mche mmoja na jembe la shangazi lililokuwa limeegemezwa ukutani, akapanda njia ya nyuma ya nyumba karibu kukimbia. Tulimfuata. Shamba la shangazi lilikuwa ngazi tano za udongo mweusi, ngazi juu ya ngazi, na kijito kinapita kando. Lilikuwa zuri kuliko nilivyolipanga njia nzima. Wanaume wanne walikuwa wanapigilia vigingi vipya na kufunga kamba. Mmoja wao, mzee mfupi mwenye mabuti ya mpira, alisimama akatungoja.

"Wewe ndiye Lewa," akasema. "Mimi Mramba. Pole kwa safari. Tulisikia kuna trela imeanguka."

"Nimefika, mzee. Nimekuja na mke wangu na mtoto. Nimekuja na cha kupanda."

Mzee Mramba alitazama mche. Alinyoosha mkono akaligusa jani kwa kidole kimoja, kwa upole, kama anavyoguswa mtoto wa wenyewe.

"Tulikungoja mpaka saa tisa. Tumepitisha muda wetu. Shemeji alituomba, tukamheshimu. Wengine wametoka Nairobi, wanarudi leo." Akakohoa. "Limeshagawanywa, mwanangu. Limegawanywa kwa wanne, na kila mmoja ameshapanda. Nikilifungua tena kwa mmoja, nimelifungua kwa wote."

"Hata pembeni?"

"Kaviha amebakishiwa nyumba na ua mpaka mwisho wake. Hapo si pa kugawa." Akangoja. Nilimwona anatafuta namna. "Na huu, baba… hata tungekupa. Huu haukai hapa. Baridi hii itaushika, utasimama kama fimbo."

Lewa akageuka akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, maana nilijaribu kushangaa, nikachelewa.

"Ulijua," akasema. Hakuuliza. Sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Nilifikiri labda…" nikaanza. Nikainama kumfunga Vula leso upya.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Wale wanaume walikusanya kamba zao, wakatupita mmoja mmoja wakisema pole, pole sana. Mzee Mramba alisema tulale, kesho atatafuta watu na ng'ombe waitoe trela, na kwamba kuna uji. Kisha naye akashuka.

Lewa hakushuka. Alikwenda kwenye ukingo wa ngazi ya mwisho, karibu na kijito, ndani ya kamba ya mtu mwingine, akalipiga jembe. Udongo ulikuwa laini, ulifunguka bila kelele. Akapiga tena. Alichimba kama wanavyochimba kwao Kaloleni, shimo pana, akitenga udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Damu ilikuwa imepita kwenye kitambaa cha mkono wake ikashuka kwenye mpini.

Ukungu ulifunguka kidogo na nchi yote ikaonekana kule chini, mpaka mbali ambako sikujua kama ni ardhi au ni anga, rangi ya waridi, na barabara yetu kama uzi. Hakuna mtu aliyeitazama. Shangazi alikuwa amefika, akasimama nyuma yangu, ncha ya kanga mdomoni. Chini, Habib alifungua boneti, akaifunga, akaifungua. Nilimwona Mzee Mramba amesimama mlangoni anatutazama, na hakupanda kuja kukataza. Nilitaka kumwambia mume wangu aache. Nilitaka kuuchukua mpini. Nilikuwa na maneno tangu Alhamisi, na hata sasa nilikuwa nayo, yote, yamepangana vizuri, na niliendelea kusimama.

Alipiga magoti, akaushusha mche shimoni, akaushika usimame wima.

Vula aliponyoka mkononi mwangu. Alikwenda mpaka kwenye kamba, akaishika kwa vidole vyake viwili, akaitazama inakotoka na inakokwenda, kutoka kigingi mpaka kigingi. Akainama akapita chini yake, leso zikiburuzika nyuma, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba," akasema, "hapa si kwetu."